Hoja Inayomwita Nyumbani

Prefe hakuwa na subira ya salamu. Ungesema "Mbote, Papa," na kabla hujafika kwenye habari za nyumbani yeye angekuwa ameshakuuliza: "Bon, niambie. Mutu anayeweza kuchagua kila kitu, anachagua nini?" Wewe una ndoo ya maji kichwani, shingo inauma, na mzee anasubiri jibu. Nilijibu vibaya kwa mwaka mzima. Kisha nikagundua kwamba jibu zuri halikuwapo. Alichotaka ni mtu wa kusimama naye dakika tano.

Kwetu Kisangani mkuu wa shule ya sekondari tunamwita prefe, na akistaafu yeye, jina halistaafu. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ulianzia wapi, na sikumwuliza, kwa sababu ukimwuliza jambo moja ulipewa saba, na mimi nilikuwa na kazi.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina kibanda chenye kompyuta moja na printa moja katikati ya kata ya Makiso, ambako wanafunzi wa chuo kikuu huniletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono, nami nazichapa. Mimi mwenyewe sikusoma chuo. Kiingereza nilijifundisha kwa simu na kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo, na mpaka leo nikikutana na neno linaloanza na A natoka jasho. Nasema haya mapema usije ukanidhania msomi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikiona nafasi mbili mahali pa nafasi moja naichapa upya karatasi nzima, hata kama mwenye kazi anasema haoni tofauti. Aya hii nimeiandika mara tisa na bado ina kitu.

Kilichotuunganisha mimi na Prefe ni mawazo kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Najua inachekesha. Watu wa mtaa mmoja huunganishwa na msiba, na ukuta wa pamoja, na kuku aliyepotea. Lakini Prefe alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye aliondoka zamani kwenda kusoma Amerika, akaoa huko, na sasa anafundisha katika mji mdogo. Mtoto huyo alikuwa akimtumia baba yake makala kwa simu. Makala zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha Prefe kilitosha kusoma lebo ya dawa. Kwa hiyo alinitumia mimi, nami nikazigeuza Kiswahili, nikazichapa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake.

Nitajaribu kueleza mawazo hayo kwa ufupi, ingawa kufupisha kunaniumiza. Kuna watu huko Amerika, na wenzao kadhaa Ulaya, wanaosema kwamba uliberali umefika mwisho wake. Hawamaanishi chama fulani. Wanamaanisha ile imani kwamba kila mtu ni wake mwenyewe, ajichagulie maisha, na serikali ikae kando kama refa. Wanasema mrengo wa kulia uliabudu soko, mrengo wa kushoto uliabudu uhuru wa mtu binafsi, na wote wawili wakaacha viwanda vifungwe, makanisa yabaki matupu, na wazee wafe peke yao mbele ya televisheni. Kwa hiyo serikali isiwe refa tena. Itamke maisha mema ni yapi, yaani familia, kazi, mahali, dini, na itumie mamlaka yake kuyalinda. Zamani walikuwa wachache, wakiandikiana katika majarida yasiyo na wasomaji. Sasa baadhi yao wanakaa karibu na masikio ya wakubwa.

Prefe alipenda mawazo hayo kama mtu anayependa timu ya mpira. Lakini alikuwa na sababu yake, na hakuificha. Mtoto wake alikuwa mmoja wao.

"Fikiria," aliniambia. "Kijana ananitumia kila mwezi makala kwamba mutu bila nyumbani si mutu. Mutu anayeamini vile, atakaa ugenini mpaka lini?"

"Umemwuliza, Papa?"

"Kumwuliza nini? Baba hamwombi mutoto arudi. Si mimi ninamwita. Hoja ndiyo inamwita."

Walizungumza kila Jumapili kwa simu, na nusu saa yote ilikuwa juu ya hoja. Baba anataja makala, mtoto anataja makala nyingine. Mwishoni Prefe anasema, "Bon, nyumba iko," na mtoto anasema, "Tutaona, Papa." Hapo ndipo mambo yalipofika miaka yote niliyowafahamu. Lakini chumba cha mbele kilikuwa tayari: kitanda, chandarua kipya, meza ya kuandikia. Kila kiangazi Prefe alikipaka chokaa upya, mwenyewe, akiwa amevaa kofia ya karatasi aliyoikunja kutokana na tafsiri zangu.

Huwezi kumweleza Prefe bila kueleza bunge. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili watu hukusanyika mbele ya ubao wa magazeti, kando ya barabara inayoshuka bandarini. Wanasoma vichwa vya habari, kisha wanabishana wakiwa wamesimama. Miji mingi ya nchi yetu ina bunge la namna hii. La kwetu lilikuwa na Prefe, na Prefe alilitungia sheria tatu. Anayesema asogee ubaoni. Asimguse mwenzake. Na kabla ya kumjibu mtu, ataje kwanza jambo moja ambalo mtu huyo amelisema sawa. Sheria ya tatu ilifukuza watu wengi. Kulikuwa na dereva mmoja wa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, mtu mrefu mwenye sauti ya kuuzia mikate, aliyekaa kimya siku mbili akitafuta jambo moja sawa katika hotuba ya mbunge wa kweli. Siku ya tatu akasogea ubaoni akasema, "Alisema jina lake. Jina ni lake kweli. Sasa naendelea."

Huyo dereva ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu wa Prefe. Asubuhi moja, baada ya Prefe kueleza kwa urefu jinsi uhuru ulivyowaacha Wamarekani wapweke, dereva aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo akasogea.

"Papa Prefe, umesema sawa kwamba mutu peke yake anateseka. Hiyo sina shida nayo. Lakini hao Bazungu wanasema uhuru umewachosha. Sisi hapa tuliupata lini?"

Watu wakacheka. Prefe hakucheka.

"Ndiyo faida yetu. Jirani akila sahani akatapika, weye utakula ile sahani?"

"Na hii njaa yangu, Papa? Lete sahani. Nitatapika kesho."

Hapo Prefe alicheka mpaka akavua miwani. Na ninakiri kwa niaba yake kwamba wiki mbili baadaye nilimsikia akiwasimulia watu wengine maneno hayo kana kwamba yeye ndiye aliyeyasema.

Mfano alioupenda kuliko yote ulikuwa wa wavuvi wa Kigenya. Kule kwenye maporomoko ya mto wavuvi husimika miti mikubwa katikati ya maji yanayokimbia, na juu ya miti hiyo hufunga vikapu vya mtego, vikubwa kuliko mtu. Hakuna anayeweza kusimika hata mti mmoja peke yake. "Alors!" Prefe alikuwa akisema, mkono juu. "Wamarekani wanaandika vitabu kutafuta kitu ambacho Wagenya wanacho tangu zamani!" Watu walikuwa wakipiga makofi. Mpaka siku moja mvuvi mwenyewe alikuwapo, amekuja mjini kuuza samaki, akasogea ubaoni na beseni lake.

"Papa, umesema kweli. Miti ni ya batu bote. Lakini kikapu iko na mwenyewe. Gusa kikapu yangu uone."

"Na siku kikapu yako haikamate kitu, ndugu zako hawakupe samaki?"

"Wananipa. Na wananisema mpaka wiki inaisha. Ni juu ya ile ndiyo nataka kikapu yangu."

Prefe aliangalia samaki, akanunua wawili. Wiki iliyofuata alitumia mfano uleule, miti yote ikiwapo, bila kikapu.

Alikuwa na misemo. "Mutu bila jamaa ni pirogi bila mutu nyuma, inaenda, lakini inaenda kule maji inataka." "Refa ambaye hapendi mpira atakubali mechi yoyote." "Ukitaka kujua kama kijiji kimekufa, kufa weye, uone nani anakuja." Huu wa mwisho mama yangu aliuchukia, akasema ni mkosi kusemwa na mtu anayekaa peke yake.

Maana alikaa peke yake. Mke wake alikuwa amefariki kabla sijafika umri wa kukumbuka. Mtetezi mkuu wa familia katika Makiso nzima alijipikia, alijifulia, na alitwanga lituma yake mwenyewe nyuma ya mlango uliofungwa, ili watu wasione prefe mzima anatwanga ndizi. Lakini kinu hakina siri. Mtaa mzima ulijua saa anayokula. Mama alikuwa akimpelekea pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, mara kwa mara. Kwetu sahani hairudi tupu, ni lazima urudishie kitu, hata embe moja. Prefe alirudishia makala. Mama angefunua sahani akakuta karatasi mbili juu ya kuvunjika kwa familia katika nchi za Magharibi, herufi kubwa, uchapaji wangu. Alizitumia kufungia karanga.

Na alitetea kila mamlaka isipokuwa ile iliyobisha hodi kwake. Bungeni alisema vijana wamesahau kutii. Siku mkuu wa avenyu yetu alipopita kumwambia akate ua wa majani uliofunika njia, Prefe alimwomba amri ya maandishi. Akaletewa. Akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, makosa manne, akairudisha. Ua ulikatwa na mvua.

Wanafunzi wake wa zamani wana Prefe mwingine kabisa. Mmoja, ambaye sasa ni mwalimu kule Bafwasende, alikuja kwangu kuchapa barua akaona jina la Prefe kwenye karatasi juu ya meza. "Huyu?" akasema. "Huyu alituachia tupige kura! Darasa lichague msimamizi wake, lichague hata adhabu. Wakubwa walimwita wakamkaripia, akakataa kuacha." Nilimpelekea Prefe habari hiyo kama mtu aliyekamata mwizi. Hakushtuka.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Nilikuwa mliberali."

"Na kura ilikuwaje, Papa?"

"Walichagua vizuri." Akafikiri. "Ile ilinisumbua sana."

Ni lazima niseme na upande wangu, kwa sababu nilikuwa natafsiri, na mtafsiri anayejifanya hana upande ni mwongo. Mawazo yale yalinivuta. Kuna siku nilikuwa nachapa sentensi juu ya mtu asiye na mahali pake nikasimamisha vidole. Lakini yaliniogopesha pia, na nilijua kwa nini. Nilipopata diploma ya sekondari, ukoo wetu ulikaa. Wajomba, mashangazi, soda, maombi. Wakaona kwamba kwa faida ya wote aende chuo mdogo wangu, mimi nishike kazi ya mashine. Hawakuwa watu wabaya. Walitupenda sote wawili, na mdogo wangu amefaulu. Kwa hiyo kila makala iliposema kwamba jumuiya inajua mema ya mtu kuliko mtu mwenyewe, mimi niliona ile sebule, na soda. Nilimwambia Prefe hayo mara moja tu. Alikuwa na jibu kwa kila kitu; jibu la siku hiyo lilikuwa kitabu. Aliniletea kamusi ya Kiingereza yenye kurasa zote, ya shule yake ya zamani, muhuri bado juu. Sikumwuliza kama aliiomba.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Mwaka juzi mtoto wake alituma makala ambayo ameiandika yeye mwenyewe, kwa jarida la huko. Prefe alikuja kibandani kwangu kwa miguu, kwenye jua, ingawa mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuvimba. "Hii si ya batu," alisema. "Hii iko ya kwetu." Akasimama mlangoni nianze mbele yake. Nilimwambia arudi kesho, kwa sababu siwezi kutafsiri nikitazamwa. Jambo hilo ni kweli, na nashukuru Mungu lilikuwa kweli.

Makala ilikuwa nzuri. Ilimtaja baba yake tangu mwanzo, prefe kando ya mto mkubwa aliyemfundisha kwamba uhuru ni kuwa na watu wa kukuuliza umelala wapi. Nilitafsiri nikitabasamu. Kisha nikafika kwenye aya ya pili kutoka mwisho, na hapo mtoto alisema kwamba amepata mahali pa kuzikwa, kule kule Amerika, na hatahama tena.

Niliisoma mara nyingi. Nilitafuta kila neno katika kamusi, hata yale niliyoyajua, nikiomba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikaiacha. Mimi, ninayechapa upya karatasi kwa ajili ya nafasi moja, nilitoa aya nzima. Na nilifanya kibaya zaidi: nilirekebisha mwanzo wa aya ya mwisho ili mtu asihisi pengo. Nilishona vizuri sana. Nilikuwa hata na fahari kidogo.

Prefe aliisoma bungeni yote, kwa sauti, ubaoni. Watu walisikiliza kama kanisani. Alipomaliza aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akasema, "Mwisho wake umekuja haraka. Mutoto wangu hafupishi." Lakini dereva wa toleka alikuwa ameshasogea.

"Papa Prefe, mutoto ameandika vizuri, hiyo nasema bila kutafuta. Donc anarudi lini?"

"Weye umesikia mwenyewe. Iko njiani kwa mawazo. Miguu inafuata."

Watu wakampongeza. Mwingine akauliza kama atakuja kwa ndege mpaka hapa au atashukia Kinshasa. Nami nilikuwa palepale, nimeshika mkoba wangu.

Ningeweza kujiambia kwamba sikumdhuru mtu. Furaha ni furaha. Lakini miezi michache baadaye alifika dada yake, kutoka Basoko. Alikuja kwa baleniere, zile mashua ndefu za mbao zenye injini, siku kadhaa juu ya magunia, mwanamke wa umri wake na mwenye mdomo kama wake. Hakuja kutembea. Alikuja kumchukua. Alimkuta anatembea kwa kushika ukuta, na sauti yake tuliisikia mpaka kwetu.

"Yaya, kaka yangu, kule kwetu nyumba iko, batoto iko, samaki iko. Hapa iko nini? Karatasi!"

"Mutoto wangu anarudi. Akifika akute mlango umefungwa?"

"Akifika akukute Basoko! Amerika mpaka Kisangani ameweza, atashindwa Basoko?"

"Nyumba yake iko hapa. Nilimwambia iko."

Dada yake alikaa siku tatu. Siku ya nne mama alinituma nimsaidie kubeba mzigo wake mpaka bandarini. Njia nzima aliniuliza swali moja: "Weye unasoma zile barua. Ni kweli kijana anarudi?" Nikamjibu kwamba ameandika vizuri sana juu ya nyumbani. Hilo ndilo jibu nililompa, neno kwa neno. Alinitazama muda mrefu, akapanda mashua, akakaa juu ya gunia akiwa amenipa mgongo.

Tangu siku hiyo nilikosa usingizi, na kazi yangu ilianza kuwa na makosa, ambalo kwangu ni jambo baya kuliko kukosa usingizi. Nilichokuwa nimekielewa pale bandarini ni rahisi sana, hata naona haya kwamba kilichelewa. Baba na mtoto hawakuweza kuambiana kitu isipokuwa kwa makala. Ile aya ilikuwa barua. Kijana alikuwa amejikaza, pengine kwa miaka, akamwambia baba yake jambo moja la kweli kwa njia pekee waliyokuwa nayo, na mimi nikalitia mfukoni. Kule, mtoto alikuwa akisubiri jibu. Hapa, baba alikuwa akipaka chokaa.

Mguu wake ulipomzuia kuja bungeni wiki tatu mfululizo, nilichapa ile aya. Nilichapa pia ukurasa mmoja wa kuomba radhi, nikausahihisha, nikauchana. Nikaenda kwake mchana, baada ya mvua, viatu mkononi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anamenya ndizi, mguu juu ya stuli. Safari hiyo hakuniuliza swali lolote. Labda uso wangu ulimtosha.

"Papa Prefe, nimekuletea aya moja."

"Ya nani?"

"Ya mwanao. Katika ile makala yake. Niliitoa."

"Ulisahau?"

"Hapana, Papa. Niliitoa kwa makusudi."

Aliweka kisu juu ya maganda. "Soma."

Nikasoma. Mtoto wake alikuwa ameandika hivi: "Baba yangu alinifundisha kwamba mtu anayepita kila mahali hana mahali. Nimechelewa kumwelewa. Mwaka huu mimi na mke wangu tumepata nafasi katika makaburi yaliyo nyuma ya kanisa letu, zetu na za watoto. Wako wanaohuzunika wakiona pale watakapolala. Mimi nilipumua. Sitahama tena. Najua kuna nyumba upande wa pili wa bahari ambako nasubiriwa, na namwomba anayenisubiri anisamehe kwa kumtii kupita alivyotaka."

"Rudia ile ya mwisho."

Nikarudia. Nje, maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati, na kwa jirani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Prefe alitazama mlango wa kile chumba, kisha mikono yake iliyojaa utomvu wa ndizi.

"Hoja iko sawa," alisema. "Nimeitafuta kosa tangu umeanza kusoma. Haina." Akavuta pumzi. "Nilimfundisha vizuri, yule kijana. Ni mimi ndiye sikufikiri mpaka mwisho."

Niliikunja karatasi. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Dada yangu alipokuja, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ukaniangalia ninamrudisha."

"Ndiyo." Nilikuwa nimeanza kulia, na kulia kwangu hakuna staha, kuna kamasi. "Niliona itakuumiza, Papa. Niliona ni kwa ajili ya mema yako."

Alinigeukia polepole, na nikaona kitu ambacho sikukitazamia. Alikuwa anakaribia kucheka.

"Kwa mema yangu. Mademoiselle. Uliona mema yangu iko wapi, ukafunga mlango mwingine, ukanyamaza. Lakini ile ndiyo serikali ninahubiri miaka yote! Wale Bamarekani wakikujua, watakupa kazi." Kisha kicheko kikaisha. "Sikujua inauma hivi ukiwa raia wake."

"Ningefanya nini, Papa?"

"Ungeniuliza. Papa, hapa iko neno gumu, nisome ao niache? Ile tu."

"Ungejibu nini?"

"Nitajua je? Ndiyo maana batu wanauliza!"

Alichukua tena kisu akamenya ndizi nyingine, vibaya, akikata na nyama yake. Nikachukua ya pili nikamenya. Tulimaliza beseni lote. Kisha akafuta mikono, akashusha mguu chini, akaupima kama mtu anayepima bei.

"Baleniere ya Basoko iko siku gani?"

"Alhamisi, Papa. Nikutafutie nafasi?"

Aliinua kidole, mkono juu, kama ubaoni. "Voilà. Umeona? Kuuliza haikukuua."

Akafumba macho afikiri. Nilikuwa na jibu lake mdomoni, zuri kabisa, limepangwa na nukta yake. Nikalimeza, nikasubiri.